Asili ya neno "krupuk": neno la mlio na historia yake katika Kijava na Kimalai

1. Utangulizi

Mgeni anayeketi katika mkahawa wa kawaida wa kisiwa cha Java aghalabu hukuta juu ya meza kopo kubwa la bati lenye kioo upande mmoja. Ndani ya kopo hilo mna vipande vyeupe au vya manjano, vyepesi kama unyoya, vyenye matundu mengi, ambavyo huliwa pamoja na wali na mchuzi. Kipande kinapotafunwa hupasuka kwa mlio unaosikika hadi meza ya jirani. Wajava hukiita "krupuk". Kwa Kiindonesia huandikwa "kerupuk", kwa Kimalai cha Malaysia "keropok", na Waholanzi, waliotawala visiwa hivyo kwa muda mrefu, huandika "kroepoek".

Jibu jepesi kuhusu asili ya neno hili ni kwamba limetokana na mlio wa chakula chenyewe: kinapotafunwa husema "krup, krup", basi kikaitwa hivyo. Jibu hilo si la uongo. Hatari yake ni kwamba linamaliza uchunguzi kabla haujaanza. Neno likiisha kuambiwa kuwa ni mlio tu, huonekana kana kwamba halina nasaba, halina umri wala safari, kwa sababu mtu yeyote mwenye masikio angeweza kulibuni mahali popote na siku yoyote.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kinyume cha dhana hiyo. Neno "krupuk" lilianza kwa sauti, lakini sauti hiyo ilipokewa na sarufi, ikapewa umbo kwa kanuni za lugha, ikabadilika kwa kanuni za lugha, na ikadumu zaidi ya miaka elfu moja huku kitu kinachotajwa nayo kikibadilika karibu kabisa. Suala hili lina uzito pia kwa wanaochunguza Kiswahili na lugha nyingine za Kibantu, ambazo zina utajiri mkubwa wa maneno ya aina hii, na ambazo maandishi yake ya kale ni machache.

2. Kitu chenyewe

Kabla ya kufuata jina ni vema kukielewa kitu. Krupuk ya kawaida hutengenezwa kwa wanga unaokandwa pamoja na uduvi au samaki waliopondwa, chumvi na viungo. Donge hilo hupikwa kwa mvuke mpaka liwe gumu kama sabuni, kisha hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani mpaka vikauke. Kipande kilichokauka huweza kuwekwa kwa muda mrefu bila kuharibika. Kinapotumbukizwa katika mafuta yenye moto mkali, maji machache yaliyosalia ndani yake hugeuka mvuke ghafla, wanga huvimba, na kipande hutanuka mara kadhaa kuliko ukubwa wake wa kwanza. Matundu yanayobaki ndiyo yanayokifanya kiwe chepesi na chenye mlio.

Iko aina nyingine ambayo haitumii unga wowote. Hiyo huitwa "krupuk rambak", nayo hutengenezwa kwa ngozi ya nyati au ya ng'ombe. Ngozi huchemshwa, husafishwa manyoya, hukatwa vipande, huanikwa, kisha hukaangwa mpaka ivimbe. Huliwa kavu au hutiwa katika mchuzi wa pilipili unaopendwa sana katika mji wa Yogyakarta na jirani zake.

Inafaa kutofautisha "kerupuk" na ndugu yake "keripik", ambaye kwa Kijava ni "kripik" na kwa Kimalai cha Malaysia ni "kerepek". Keripik ni vipande vyembamba vya muhogo, ndizi au kiazi, vinavyokaangwa bila kuvimba. Ni kitu kinachofanana na kile ambacho katika Kenya huitwa "kaukau". Tofauti kati ya maneno hayo mawili imo katika vokali peke yake, nayo itaelezwa katika sehemu ya nne.

3. Ushahidi wa maandishi

Java ilibahatika kuwa na maandishi mengi ya kale. Hati ya Sukabumi, iliyoandikwa mwaka 804, ndiyo inayohesabiwa kuwa ya mwanzo yenye tarehe katika Kijava cha kale. Kuanzia hapo ziko hati nyingi za mawe na za mabamba ya shaba. Nyingi katika hizo zinahusu ardhi ambayo mfalme au mkuu aliisamehe kodi ili mapato yake yatunze hekalu. Siku ya kutenga ardhi hiyo palifanywa karamu, wakaitwa mashahidi, wakagawiwa nguo na dhahabu, wakalishwa. Makarani waliona haja ya kuandika zawadi na vyakula kama sehemu ya ushahidi, kwa kuwa mtu aliyekula karamu ya mkataba hawezi kuukana mkataba. Kwa sababu hiyo Kijava cha kale kimehifadhi majina ya samaki wakavu, nyama, mayai na vinywaji ambayo katika lugha nyingi za wakati ule yalipotea pamoja na waliovila.

Mwanahistoria wa vyakula wa Indonesia, Fadly Rahman, ameeleza kwamba krupuk ilijulikana Java tangu karne ya 9 au ya 10 au hata kabla yake, na kwamba hati iitwayo Batu Pura yaitaja kwa jina la "krupuk rambak", yaani ile ya ngozi. Kwa upande wa lugha, umbo la Kijava cha kale linalojulikana ni "kurupuk", lenye silabi tatu kamili, nalo lilikuwa jina la kitu cha kuliwa. Umbo hili la silabi tatu ni muhimu kuliko linavyoonekana, na hoja ya sehemu inayofuata inalitegemea.

Je, yatosha kusema kwamba neno ni la Kijava kwa kuwa Wajava walitangulia kuliandika? Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Maandishi ya Kimalai cha kale ni ya zamani kuliko yale ya Kijava: hati ya Kedukan Bukit karibu na Palembang, katika kisiwa cha Sumatra, ni ya mwaka 682, na ile ya Talang Tuwo ni ya 684. Lakini hati hizo ni chache, na makusudi yake ni mengine. Ya Talang Tuwo inataja bustani iliyopandwa minazi, mipopoo na miti ya sago kwa amri ya mtawala wa Srivijaya; haitaji karamu. Kwa hiyo ukimya wa Kimalai juu ya krupuk ni ukimya wa makarani, wala hauthibitishi kwamba mabaharia wa Palembang hawakutafuna kitu cha namna hiyo.

Wanafunzi wa Kiswahili wanaujua mtego huu. Barua za Kiswahili zilizohifadhiwa Goa, ambazo ni miongoni mwa maandishi ya zamani ya lugha hiyo yaliyosalia, ni za mwaka 1711 na miaka iliyofuata. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akakuta miji yenye misikiti na wafanya biashara. Hakuna msomi anayedai kwamba watu wa Kilwa walikaa karne nne bila lugha kwa kuwa barua zao hazikusalia. Kutangulia kuandikwa si kutangulia kuzaliwa, na maandishi huonyesha umri mdogo kabisa ambao neno laweza kuwa nao, hayaonyeshi siku ya kuzaliwa kwake.

4. Jinsi neno lilivyojengwa

Pale ambapo maandishi yanafika mwisho, umbo la neno lenyewe huanza kutoa ushahidi. Kijava na Kimalai ni lugha za jamii ya Kiaustronesia, inayoenea kutoka Taiwani mpaka visiwa vya Pasifiki, na upande wa magharibi mpaka Madagaska. Katika lugha hizo maneno mengi ya msingi yana silabi mbili. Mwanaisimu wa Uswisi, Renward Brandstetter, aliona mapema kwamba ndani ya maneno hayo ya silabi mbili mara nyingi mna kiini kidogo cha silabi moja chenye maana, na mwaka 1910 akatoa kitabu juu ya mizizi hiyo. Robert Blust aliirudia hoja hiyo kwa ushahidi mpana zaidi mwaka 1988.

Mmoja wa mizizi hiyo ni "-puk", unaohusu kupiga, kudunda au kuvunjika kwa mshindo mzito. Unapatikana katika neno la Kimalai "tepuk", yaani kupiga makofi, na katika neno la Kijava "gepuk", yaani kupiga kwa gongo. Mizizi "-pak" na "-pik" ni jamaa zake. Irabu ndiyo inayopima ukubwa wa mshindo: "a" kwa mlio wazi kama wa kofi, "i" kwa mlio mwembamba au mguso mwepesi, na "u" kwa mlio wa kitu chenye uwazi ndani. Ndipo inapoeleweka kwa nini "kripik" ni kipande chembamba kisicho na uwazi, na "krupuk" ni kipande kilichovimba chenye matundu. Mpishi wa Kijava hahitaji kamusi ili atofautishe viwili hivyo, irabu inamwambia.

Jambo la pili ni ile "r" iliyomo katikati. Lugha za eneo hilo zina kiambishi kati chenye "r", ambacho huingizwa baada ya konsonanti ya kwanza ya neno. Kimalai kina "gigi", yaani jino, na "gerigi", yaani meno mengi yaliyopangana kama ya msumeno. Kina "sabut", yaani makumbi ya nazi, na "serabut", yaani nyuzinyuzi. Kisunda, lugha ya magharibi ya Java, kimekihifadhi kiambishi hicho kikiwa hai mpaka leo: "budak" ni mtoto, "barudak" ni watoto. Katika mifano hiyo yote maana ni wingi, au kitu kimoja kilichojigawa katika vitu vidogo vingi.

Kwa hiyo "kurupuk" huweza kuchambuliwa kuwa na kiini cha mshindo, "-puk", pamoja na kiambishi cha wingi kilichoufanya mshindo mmoja uwe mishindo mingi midogo inayofuatana. Hivyo ndivyo meno yanavyosikia. Kitu kinachovunjika mara moja kingetosheka na "puk". Kitu kinachovunjika mara ishirini ndani ya tafuno moja kilihitaji "r" ya wingi.

Neno jingine la Java linathibitisha kwamba ujenzi huu haukuwa wa bahati. Sigara ya tumbaku iliyochanganywa na karafuu, iliyoanza kutengenezwa Kudus mwishoni mwa karne ya 19, huitwa "kretek" kwa sababu karafuu inapoungua hutatarika. Hapo pia mna "k" ya mwanzo, "r" ya katikati, na mlio unaorudiwarudiwa. Watu wa Unguja na Pemba waliijua sigara hiyo kwa njia ya mfuko wao, kwa maana kwa miaka mingi ya karne ya 20 viwanda vya Indonesia vilikuwa wanunuzi wakubwa wa karafuu zao. Neno la mlio lililoundwa Java likawa na sehemu katika bei ya zao la visiwa vya Waswahili.

5. Sababu za kukataa dhana ya "mlio tu"

Ikiwa neno limejengwa hivyo, yaweza kuulizwa bado kama lilibuniwa mara moja au mara nyingi. Pengine kila kizazi kilisikia mlio ule ule na kulibuni upya. Ziko hoja tatu za kuikataa dhana hiyo.

Hoja ya kwanza ni ya historia ya sauti. Kijava cha kale kilisema "kurupuk". Kijava cha leo husema "krupuk". Irabu ya silabi iliyo mbali na mwisho wa neno ilififia, kisha ikatoweka, nalo ni jambo lililoyapata maneno mengi ya Kijava. Kimalai hakipendi konsonanti mbili kufuatana mwanzoni mwa neno, kwa hiyo kina irabu fupi iliyofifia kati ya "k" na "r", inayoandikwa "e". Neno ambalo lingekuwa linabuniwa upya kila siku kwa sikio lisingetii kanuni hizo. Lingebaki karibu na mlio, wakati maneno mengine yanabadilika. "Kurupuk" lilizeeka pamoja na lugha, na kuzeeka ni alama ya kitu kilichorithiwa.

Hapa pana onyo pia. Mtu ambaye hajui umbo la kale angelinganisha "krupuk" na "kerupuk", akasema kwamba Wamalai waliongeza irabu kama Waswahili walivyoiongeza walipofanya "kilabu" na "burashi". Umbo la "kurupuk" linaonyesha kwamba Kijava ndicho kilichopoteza silabi. Bila ushahidi wa kale, upungufu na nyongeza hufanana kama mapacha.

Hoja ya pili ni ya maana. Katika jimbo la Terengganu, pwani ya mashariki ya Rasi ya Malai, chakula mashuhuri ni "keropok lekor". Hutengenezwa kwa samaki waliopondwa na wanga, huviringishwa kama soseji, huchemshwa, kisha huliwa hivyo au baada ya kukaangwa. Ndani yake ni laini na hunyumbuka, wala hakitoi mlio wa kupasuka. Hata hivyo ni keropok. Kama neno lingekuwa mwigo wa mlio na si zaidi, kitu hiki kisicho na mlio kisingeweza kulichukua. Jina lilihamia kutoka kwenye sauti hadi kwenye aina ya donge, na kwa kuhama huko lilijionyesha kuwa nomino kama nomino nyingine.

Hoja ya tatu ni ya ulinganisho. Kipande kikavu cha kukaangwa hulia kwa namna moja duniani kote, lakini lugha hazikukiita kwa namna moja. Wahindi wana "papad", lenye asili ya Kisanskriti "parpata". Kiswahili husema kitu kimekauka "kau". Ulinganisho huo huo unaondoa dhana kwamba neno lilitoka ng'ambo. Java ilikopa maneno mengi ya Kisanskriti, na ilichukua kwa Wachina wa Fukien majina ya vyakula kama "tahu", "mi" na "lumpia". Maneno hayo ya kukopa hayachambuliki ndani ya Kijava wala Kimalai: "lumpia" haina mzizi wala kiambishi kinachojulikana huko. "Kurupuk" lina vyote viwili, na ndugu zake wako kila upande. Vipande vya nyumba hii vilichongwa katika msitu wa hapo hapo.

Yanayoweza kusemwa kwa uhakika, basi, ni haya. Vifaa vya ujenzi wa neno, yaani mzizi na kiambishi, ni mali ya pamoja ya Kijava, Kimalai, Kisunda na jamaa zao. Matumizi yake kama jina la chakula yameshuhudiwa kwanza katika Kijava. Ugomvi unaozuka mara kwa mara kati ya watu wa Indonesia na wa Malaysia juu ya mwenyewe wa chakula fulani hauwezi kuamuliwa na neno hili, kwa sababu mipaka ya mataifa hayo iliwekwa na Waingereza na Waholanzi katika mkataba wa London wa 1824, karne nyingi baada ya neno kuzaliwa.

6. Jina lilidumu, unga ulibadilika

Jambo la kushangaza zaidi katika historia ya krupuk limo ndani ya donge lake. Krupuk nyingi za leo hutengenezwa kwa wanga wa muhogo. Hata neno "tapioka", linalotumiwa Indonesia kwa wanga huo, ni la Kitupi, lugha ya wenyeji wa Brazili. Muhogo ni mmea wa Amerika ya Kusini. Haukuweza kuvuka bahari kabla ya safari ya Kolumbus ya mwaka 1492, na katika Java ulienea sana kuanzia karne ya 19. Jina la krupuk lilikuwa limekwisha kuchongwa karne tano au zaidi kabla ya muhogo wa kwanza kuondoka Amerika.

Mtafiti anayepima umri wa neno kwa umri wa kitu angekosea hapa kwa miaka mia nyingi. Angesema: krupuk ni ya muhogo, muhogo ulikuja na Wareno, basi krupuk ni ya baada ya Wareno. Hati ya Batu Pura inamrudisha nyuma kwa kumtajia ngozi. Ngozi ya mnyama wa karamu ilitangulia. Wanga wa sago na wa mchele ulikuwepo. Uduvi na samaki wa pwani waliingia. Muhogo ulipofika, ukiwa rahisi kulimwa na kutoa wanga mwingi, ulichukua nafasi ya mwenyeji bila kubadili jina lililoandikwa mlangoni.

Mmea huo huo uliletwa na Wareno katika pwani ya ufalme wa Kongo katika karne ya 16, ukaingia ndani ya bara mpaka ukawa chakula cha kila siku. Leo unga wake humo katika bukari ya Lubumbashi, na majani yake ndiyo sombe ya Bukavu. Mmea mmoja ulipewa majina mapya mahali pengi, na mahali pengine uliingia ndani ya jina la zamani. Namna zote mbili ni za kawaida, na mwanaisimu hana budi kuuliza kila mara ni ipi iliyotokea.

7. Safari na tahajia

Kutoka Java neno lilienea na biashara. Kwa karne nyingi wafanya biashara wa Java walipeleka mchele Malaka na kurudi na vitambaa na viungo, na walikuwa na mtaa wao huko kabla Wareno hawajauteka mji mwaka 1511. Pwani za Sumatra, Kalimantan na Rasi ya Malai zina krupuk zao, kila moja kwa samaki wake. Katika Ufilipino neno ni "kropek".

Tofauti ya "kerupuk" na "keropok" huwashughulisha wasomaji wa magazeti kuliko inavyostahili. Kimalai kiliandikwa kwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, ambamo herufi moja ya wau husimama kwa "o" na kwa "u", kama ilivyokuwa katika maandishi ya Kiswahili cha pwani. Katika hati hiyo maumbo mawili yalikuwa moja. Yalitengana pale wakoloni wawili walipoleta herufi za Kilatini, kila mmoja na mazoea yake. Kwa upande wa Waholanzi, tahajia ya Ch. A. van Ophuijsen ya mwaka 1901 iliandika sauti "u" kwa herufi "oe", jinsi Kiholanzi kinavyofanya, na jinsi Kifaransa kinavyotumia "ou" kuandika "Ouganda". Indonesia huru iliiacha "oe" mwaka 1947. Mwaka 1972 Indonesia na Malaysia zilipatanisha tahajia zao kwa sehemu kubwa, lakini "kerupuk" na "keropok" zilibaki kila moja kwake. "Kroepoek" ya Kiholanzi nayo imebaki, ikihifadhi tahajia ambayo wenye neno walikwisha kuitupa.

Safari iliyo ndefu kuliko zote ni ya Surinam. Kuanzia mwaka 1890 mpaka 1939 Waholanzi waliwasafirisha Wajava zaidi ya 32,000 kwenda kufanya kazi za mkataba katika mashamba ya koloni lao la Amerika ya Kusini. Wengi hawakurudi, nao walikwenda na lugha yao na vyakula vyao. Hivyo jina lililozaliwa Java kabla ya muhogo likafika katika bara ambalo ndilo nyumbani kwa muhogo, likiwa tayari limeuzoea mmea huo kwa njia ya kuzunguka dunia.

8. Hitimisho

Mfano wa krupuk unawahusu wanafunzi wa Kiswahili kwa jambo moja hasa. Katika uchunguzi wa msamiati wa Kiswahili, juhudi nyingi zimetumika kutafuta maneno ya Kiarabu, ya Kihindi, ya Kireno, na katika Kongo, ya Kifaransa. Kazi hiyo ni halali. Lakini maneno ambayo hayakupatikana katika kamusi za wageni, na hasa yale yenye mlio, mara nyingi hutupwa katika kapu moja lenye kibandiko cha tanakali sauti, na kapu hilo halifunguliwi tena. Mtu huanguka "pu", hulala "fofofo", kitu huwa cheupe "pepepe" au cheusi "tititi". Chombo cha karne ya 20 kiliitwa "pikipiki" kwa Kiswahili na "tukutuku" kwa Kilingala. Kijava kilieleza wingi wa mishindo kwa kiambishi kati. Lugha hizi za Kibantu hueleza wingi huo kwa kurudia shina. Hiyo ni sarufi, na penye sarufi pana historia inayoweza kufuatwa: irabu gani huchaguliwa kwa kitu kikubwa au kidogo, konsonanti gani kwa kitu kikavu au chenye maji, na umbo gani linapatikana pia katika Kiluba, Kibemba, Kishi au Kilega.

Lugha zisizo na hati za mawe huhukumiwa kwa urahisi kuwa zimekopa kila kitu, au kwamba zilianza siku mgeni alipofika na kalamu. Java ina mawe yake, na bado mawe hayo yasingetosha kulieleza neno "krupuk" bila uchambuzi wa umbo. Msemaji wa Bukavu au wa Kasongo hana jiwe la mwaka 804 la kuonyesha. Anao msamiati, wenye viungo vyake na kanuni zake, na ulinganisho wa lugha jirani huweza kuufanya useme. Kazi hiyo huhitaji daftari, wazee wenye subira, na mwanafunzi ambaye, akiambiwa kwamba neno fulani ni mlio tu, atauliza swali la pili.